Sanduku Namba Tisa Liko kwa Mtani

Kwa wale mliokosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ni Hilda Luambano wa Msamala, Songea, na nimesaini uongo.

Uongo wenyewe niliuandika kwa mkono wangu, kalamu ya bluu. Babu yangu, marehemu Profesa Otto Luambano, alikuwa mmoja wa wakuu wa mwanzo wa kitivo cha sheria kwenye chuo kimoja kikubwa. Chuo sikitaji jina, wale wana wanasheria wengi kuliko mimi. Alipofariki mwezi wa nane, chuo kikaomba karatasi zake zote zikatunzwe kwenye hifadhi yao ya nyaraka, na mimi nikapewa kibarua cha kuziorodhesha. Masanduku ya bati kumi na manne.

Nikiimaliza kazi vizuri, ajira ya kudumu ni yangu. Miaka minne nina cheti cha masijala, na miaka minne hiyohiyo nauza mitumba Mfaranyaki. Mnaelewa nilivyoitaka.

Kazi ilikuwa kufungua kila sanduku na kuandika kilichomo. Nikafungua nane. La tisa sikuliona. Nikajisemea litakuwa chini ya kitanda cha Bibi, nitalitazama kesho, nikanakili alichoandika Bibi kwenye daftari lake: “Namba tisa, barua.” Kisha nikaendelea na la kumi. Mwisho nikasaini: nimeyakagua yote kwa macho yangu.

Kesho hiyo ikachukua wiki tatu.

Kumbe sanduku namba tisa halikuwemo ndani ya nyumba tangu siku ya kuanua tanga. Alilichukua Mzee Twaha Chande, Myao wa Nakapanya, mtani wa Babu. Alilibeba mchana kweupe, msiba mzima unacheka, Bibi naye anacheka, mimi niko jikoni na moshi umenijaa machoni.

Na Ijumaa, Dada Sharifa, mkubwa wa nyaraka kule chuoni, alikuwa anakuja na gari kuyachukua yote.

Ndiyo maana siku ya Jumatano, kwa hizi hasira zangu ambazo mama alishaziombea novena mara mbili, nilikwenda polisi kumshtaki Mzee Twaha kwa wizi. Hapo ndipo tulipoishia.

“Hebu rudia,” Afande Muhsini akasema. Alikuwa ameinua kalamu yangu, kwa sababu ya kwake ilikuwa imeisha wino, lakini hakuwa ameandika hata herufi moja.

“Mzee Twaha Chande amechukua sanduku nyumbani kwetu. Miezi mitatu sasa hajarudisha.”

“Alichukua lini?”

“Msibani. Siku ya kuanua tanga.”

“Yeye ni nani wa marehemu?”

“Mtani wake.”

Afande akaiweka kalamu mezani taratibu. “Wewe dada ni Mngoni?”

“Mngoni wa baba na mama.”

“Jamani!” akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma. “Njooni mwone. Mngoni kamleta mtani polisi!”

Wakaja wawili. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye benchi la watuhumiwa. Mimi nimesimama, nimevimba, nimekunja mikono.

“Mnacheka nini? Mtu kachukua mali ya watu!”

“Dada yangu,” Afande akasema huku anafuta machozi, “mtani akichukua kitu msibani, mnamfuata, mnatukanana, mnacheka, mnakikomboa. Hapa unataka niandike nini? Na mimi mwenyewe Myao, kwetu hukohuko Tunduru.” Akaichukua kalamu yangu na kuichomeka mfukoni mwake. “Hii nayo imekwenda. Kanishtaki.”

Mbaya zaidi, alimpigia Mzee Twaha simu palepale, sauti nje, kituo kizima kinasikia. Namba alikuwa nayo. Nakapanya nzima ina namba ya Mzee Twaha.

“Mzee wangu, shikamoo. Kuna Mngoni hapa amekuja kukushtaki kwa wizi.”

Halafu nikasikia kicheko cha kizee, kirefu, kikaishia na kikohozi.

“Ni wa nyumba ya Otto?”

“Mjukuu.”

“Mwambie aje mwenyewe. Kesi yake nitaisikiliza mimi.”

Nilifika nyumbani Msamala nikakuta habari imeshafika kabla yangu. Bibi Notburga alikuwa barazani anapeta maharage, na ungo ulikuwa unatetemeka kwa kicheko.

“Umempeleka Twaha polisi? Yesu na Maria! Mjukuu wa Otto?”

“Bibi, sasa kwa nini hukuniambia kwamba sanduku liko Nakapanya?”

“Hukuniuliza mimi. Uliliuliza daftari.”

Nilikaa chini kwenye ngazi nikaanza kulia, nawaambia ukweli. Nikamweleza Bibi yote: sahihi, orodha, ajira, kwamba Dada Sharifa akifika na kukuta kumi na matatu, mimi kazi sina, na jina langu litabaki kule chuoni kama jina la mtu wa uongo.

Bibi akaacha kupeta.

“Kesho ni Alhamisi,” akasema. “Basi la Masasi linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nenda kakomboe. Mimi miguu yangu unaiona, na hao baba zako wadogo wako Dar, kazi yao kutuma salamu.”

“Nimpelekee nini?”

“Mdomo. Ulio nao unatosha.”

Sasa hapo ndipo nilipokosea tena. Ningemsikiliza Bibi, ningekwenda na khanga yangu na ndala. Mimi nikaenda na sketi ya ofisini, viatu vya kisigino, nakala tatu za orodha, na barua ya chuo yenye muhuri, ya kumtaka yeyote aliye na nyaraka za marehemu azirejeshe. Nikajiona wakili.

Nilishuka Nakapanya saa saba mchana. Kumuuliza mtu kwa Mzee Twaha ni kama kuuliza barabara iko wapi. Nikaonyeshwa uwanja mpana nyuma ya maduka, korosho zimeanikwa kwenye maturubai, wanawake wanachambua, na katikati yao mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe amekaa kwenye kiti cha kamba. Mbele yake kulikuwa na sanduku la bati. Namba tisa, rangi nyekundu, mwandiko wa Bibi.

Juu ya sanduku palikuwa na birika la chai, vikombe viwili na sahani ya mihogo.

“Mzee!” nikapiga kelele hata kabla ya salamu. “Hizo ni nyaraka!”

Akaniangalia kuanzia visigino hadi kichwani. “Hii ni meza,” akasema. “Aisha! Mahabusu amefika. Mletee kigoda.”

Aisha ni binti yake, mama wa makamo, mpole. Akaniletea kigoda huku anazuia kicheko kwa ncha ya mtandio.

“Shikamoo, Mzee,” nikasema, maana adabu ninayo, ila huwa inachelewa.

“Siitiki. Mtumwa wangu gani anaanza na makelele ndipo anaamkia?”

Wanawake wakacheka. Wapita njia wakaanza kusogea. Bodaboda wawili wakazima pikipiki zao. Nikaona hawa wote wamenitegea. Nikasimama, nikatoa barua ya chuo, nikaisoma yote, kuanzia kumbukumbu namba mpaka “nakutakia kazi njema.” Nilisoma kwa sauti ya mahakamani. Hakuna aliyenikatisha.

“Umemaliza?” akauliza Mzee.

“Nimemaliza.”

“Aisha, mpe maji. Barua imemkausha.”

Uwanja ukaangua kicheko. Mimi damu ikapanda. Ninawaungamia, wasomaji wangu, sikujizuia hata kidogo.

“Mzee, mimi sikuja kuchekwa!” nikasema. “Nina siku moja tu. Mmechukua sanduku la watu, mnalinywea chai, mnafanya mchezo! Babu yangu amekufa! Hamna hata huruma?”

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameinua ungo akaushusha. Aisha akatazama chini.

Mzee Twaha akaivua kofia, akaiweka gotini.

“Najua amekufa,” akasema. “Nimeshika jeneza lake kwa mkono huu. Mimi na Otto tulilala kitanda kimoja cha ghorofa bwenini, yeye juu, mimi chini, miaka minne. Mimi nikaacha shule nikarudi kwenye korosho, yeye akaenda kuwa mkubwa. Hakuna mwaka aliopitisha bila kunitukana. Alipokufa nikachukua sanduku lake, nikasema, hawataniacha. Watakuja watoto wake, watakuja wajukuu, watanitukana mpaka jirani wafunge madirisha, nitacheka, nitalia, sanduku litarudi. Nikakaa hapa. Mwezi wa tisa hakuna mtu. Mwezi wa kumi hakuna mtu. Jana ndiyo napigiwa simu na polisi.”

Akaishika kofia yake tena, akawa anaizungusha vidoleni.

“Rafiki yangu amekufa, mjukuu wangu, na nyumba yake yote imeninyamazia. Hilo ndilo limeniuma. Sanduku chukua hata sasa hivi.”

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi mitatu mzee wa watu amekaa na chai yake, anangoja atukanwe, na sisi tunapita na orodha zetu. Machozi yakanitoka tena, safari hii si ya ajira.

Ningeweza kulichukua lile sanduku na kuondoka. Ruhusa nilikuwa nimepewa. Lakini kitu kikanikataza, na mdomo wangu, ule ambao umeniponza tangu darasa la kwanza, ukafunguka wenyewe.

“Silichukui bure,” nikasema nikipenga kamasi. “Myao akikupa kitu bure, jua amekimaliza ndani. Hebu ondoa hayo mabirika nione kama barua za babu yangu hujazisokotea sigara!”

Mzee akainua kichwa.

“Na kwanza,” nikaendelea, “hivi ndivyo mnavyowapokea mabwana zenu? Nimetoka Songea tangu alfajiri, hata muhogo sijakaribishwa! Babu alinisimulia bwenini ulikuwa unalala chini kwa sababu unaogopa kupanda ngazi tatu!”

Hilo nililitunga palepale. Babu hakunisimulia kitu.

“Mwongo!” Mzee Twaha akaruka kitini utadhani kijana wa miaka ishirini. Uso wote umejaa meno machache. “Yeye ndiye aliyekuwa anaanguka! Aisha, umesikia? Huyu sasa ndiye mtu wa Otto! Wale wengine wamezaliwa na barua!”

Uwanja ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu akanikumbatia, simjui hadi leo. Mihogo ikahamia mapajani kwangu.

Hata hivyo kesi haikufutwa. Mzee Twaha alitoa hukumu amesimama juu ya kigoda: kwa kosa la kumpeleka mtani polisi, Hilda binti wa Wangoni atabeba debe la korosho kichwani, atazunguka maduka yote ya Nakapanya, na kila mlango atasema, “Mimi mtumwa wa Wayao nimekuja kumkomboa babu yangu.”

Nilibeba. Visigino nilivivua nikamwachia Aisha. Nilizunguka maduka yote peku, na kila mlango nilisema nilichoamriwa, kisha nikaongeza changu. Kwa muuza simu nilisema, “na nyie Wayao mnaonunua simu bila kujua kusoma.” Kwa fundi cherehani nilisema, “na suruali zenu zina mguu mmoja mrefu.” Nilirudi na kijiji kizima nyuma yangu. Jamani, tangu Babu afe sikuwahi kucheka vile.

Tulipofika uwanjani sanduku lilikuwa limefutwa vumbi, vikombe vimeondolewa.

“Lifungue,” akasema Mzee. “Utusomee. Macho yangu yamekwisha, na Aisha akisoma anaruka matusi.”

Nikafungua. Ndani barua zimepangwa kwa miaka, kila mwaka umefungwa uzi. Za Mzee Twaha ziko hivyo zilivyokuja, na za Babu ni nakala za kaboni, maana mwanasheria yule hakuandika hata salamu bila kubaki na nakala.

Nikachukua moja ya Babu, ya miaka ya sabini.

“Kwa mtumwa wangu Twaha. Nimepewa ukuu wa kitivo. Wamenipa ofisi na kiti kinachozunguka. Jana walipoondoka wote nilikizungusha mara tatu, nikapata kizunguzungu, nikashika pazia, likaanguka. Leo nimewafundisha wanafunzi kuhusu uzembe. Usimwambie mtu.”

Nikachukua jibu lake.

“Kwa mtumwa wangu Otto. Nimewaambia watu wote wa Nakapanya. Sisi hapa viti havizunguki, kwa hiyo akili zetu zimetulia. Pazia usimkate mfagiaji mshahara, lipa wewe. Wanao hawajambo? Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Aisha. Njoo umwone kabla hajajua kuwa nina rafiki Mngoni.”

Nilisoma saa nzima. Watu wanacheka, wanafuta macho, wanasema rudia hapo. Aisha alipolisikia jina lake alijifunika uso kwa mtandio. Nilikuwa nimesoma masanduku kumi na matatu ya Babu, hukumu, mihadhara, ripoti za vikao, na nilidhani namjua. Yule mtu anayezunguka na kiti peke yake sikuwahi kukutana naye.

Chini kabisa palikuwa na bahasha imefungwa kwa gundi. Mwandiko wa Babu, ule wa mwisho, uliotetemeka: “Isomwe na atakayekuja kukomboa.”

“Hiyo sikuigusa,” akasema Mzee Twaha. “Ilikuwa inakungoja wewe.”

Nikaichana. Kwa kawaida yangu nikaisoma kwanza kimya.

Nitawaandikia neno kwa neno.

“Mimi Otto Luambano, nikiwa na akili timamu, hata kama Wayao hawataamini, nampa Twaha Chande wa Nakapanya karatasi zangu zote zilizomo katika masanduku kumi na manne. Chuo kikizitaka, kije kikomboe kwa mila. Asitumwe dereva wala karani. Aje mkuu wa kitivo mwenyewe, kwa miguu yake, na afanye atakachoambiwa na Twaha. Nimefundisha sheria miaka thelathini na nimeacha nyuma yangu wasomi wasiojua kucheka. Naomba hili mnisaidie.”

Mnaweza kusema ni utani. Nami ningesema hivyo. Ila chini palikuwa na tarehe ya mwezi wa sita, sahihi ya Babu, sahihi za mashahidi wawili, Kajetani katekista na Notburga mkewe, na muhuri wa wakili.

Kwenye masijala nilifundishwa jambo hili mapema sana: maneno soma upendavyo, muhuri uuheshimu.

Basi, si sanduku namba tisa peke yake. Yote kumi na manne hayakuwa ya chuo. Hayakuwa yetu pia. Yalikuwa ya huyu mzee aliyekaa mbele yangu amefumba macho, anangoja sauti ya rafiki yake. Na Bibi alijua. Bibi alisaini!

“Anasemaje?” akauliza Mzee Twaha.

Ninawaungamia sasa. Wiki zote nilizoandika hapa sijawahi kuona aibu kama ya hapo.

“Anakusalimu,” nikasema. “Anasema ahsante kwa miaka yote. Anasema sanduku lirudi Msamala.”

“Amina,” watu wakasema. Wengine wakasema, “Mungu amrehemu.”

Mzee Twaha akatikisa kichwa mara nyingi, taratibu. “Ndivyo alivyokuwa,” akasema. “Mtu wa utaratibu.”

Aisha akaleta kamba. Wakalifunga sanduku vizuri, kijana wa bodaboda akakimbia barabarani kulisimamisha basi la kurudi Songea. Karatasi nilikuwa nimeikunja na kuitia ndani ya blauzi. Nilihisi inanichoma.

“Mjukuu wangu,” Mzee Twaha akaniita. “Hiyo barua ya mwisho niachie mimi. Nitaiweka chini ya mto.”

“Hii nayo ni nyaraka, Babu,” nikasema. “Inabidi iende na wenzake.”

“Ah. Sawa, sawa.” Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Nyie ndio mliosoma. Mnajua inavyotakiwa.”

Hakubisha hata kidogo. Angebisha, ningepata hasira, na nikiwa na hasira mimi uongo naubeba mbali. Aliniamini tu.

Simu ikalia. Dada Sharifa.

“Hilda! Nakupigia tangu asubuhi. Tumewahi, tumefika Songea leo, tuko hapa Msamala kwa Bibi. Vijana wameshaanza kuyatoa masanduku nje. Ninaona kumi na matatu, Bibi anasema la tisa unalo wewe?”

“Ninalo, dada. Liko hapa mbele yangu.”

“Safi sana! Basi nikupe habari njema kabisa. Ajira yako imepita. Barua yako ninayo kwenye mkoba, unaanza tarehe mosi. Wamesema orodha yako ndiyo safi kuliko zote walizowahi kupokea.”

Miaka minne, ndugu zangu. Miaka minne ya kukung'uta mitumba Mfaranyaki.

Nikaliangalia basi limesimama barabarani, kondakta ananipungia mkono. Nikaliangalia sanduku, tayari limebebwa begani. Nikamwangalia Mzee Twaha. Alikuwa amegeukia upande wa pili anasafisha miwani ambayo haimsaidii kitu, akidhani simwoni anavyolia.

“Lishusheni,” nikamwambia yule kijana.

Nikaitoa karatasi kwenye blauzi, imelowa jasho. Nikamkabidhi Aisha.

“Msomee Baba,” nikasema. “Yote. Mimi nilimdanganya.”

Aisha akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Akafika mstari wa pili akanitazama, akakaa chini kwenye turubai juu ya korosho, kisha akaendelea kumsomea.

“Hilda?” Dada Sharifa yuko sikioni. “Mbona kimya? Nawaambia wapakie?”

“Msipakie, dada.”

“Kwa nini?”

“Hayo masanduku si ya chuo. Babu aliyaandikia mtu. Karatasi ipo, ina mashahidi, ina muhuri wa wakili. Na ile orodha yangu, dada, usiisifie. Namba tisa sikuwahi kuifungua mpaka leo. Nilisaini uongo.”

Nikasema. Nikaiona ile ajira inaondoka kama nilivyokuwa naliona lile basi sasa, kondakta amechoka kungoja, vumbi limetimka.

Nikasikia mkono umefunika simu na watu wananong'ona. Nyuma yao Bibi Notburga alikuwa anacheka. Kicheko cha Bibi nakijua hata nikiwa usingizini.

“Huyo mtu anataka nini ili atuachie?” Sharifa akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Anamtaka mkuu wa kitivo, dada. Mwenyewe. Asitume mtu.”

“Hilda,” akasema, polepole, “mkuu wa kitivo nimekuja naye. Alitaka kuaga nyumba ya Profesa kabla hatujaondoka. Amesimama hapa pembeni yangu, simu iko sauti nje, na amesikia kila kitu.”

Kabla sijajibu, simu ikabadili mikono, na nikasikia sauti nzito ya mtu ambaye nadhani hajawahi kutaniwa tangu azaliwe.

“Mimi ndiye mkuu wa kitivo. Nani huyo anayedai mali ya chuo?”

Nilimgeukia Mzee Twaha. Alikuwa ameshasomewa mpaka mwisho. Alikuwa amesimama wima, kofia yake kichwani, na machozi hayajamkauka, na anacheka.

“Lete hiyo simu,” akasema.